Nani aingie leba? Kisa cha msindikizaji wa uzazi aliyejitolea bure Unguja

Tangazo lilikuwa fupi. Mwalimu wa skuli ya maandalizi, kijana wa Fuoni, aliliweka kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa watoto anaowasomesha: anajifunza kazi ya kuwasindikiza wanawake wakati wa kujifungua, cheti bado hajapata, anatafuta wajawazito watatu awahudumie bure. Jibu la mwanzo lilikuwa la neno moja tu: "Halafu?"

Aliyejibu hivyo alikuwa na haki ya kuuliza, na hadi leo sidhani kama amejibiwa.

Mimi ni muuguzi mkunga. Mwanafunzi huyu si wangu. Aliniletea daftari lake baada ya kazi yake ya mwanzo kumalizika kwa ugomvi wa kimya kimya, akitaka nimwambie palipoharibika. Mama aliyejifungua amenipa ruhusa kisa chake kiandikwe, majina yasitajwe. Hospitali nayo siitaji.

Kazi anayojifunza huitwa dula. (Alipolitamka neno hilo Jang'ombe, nyumbani kwa mteja wake wa mwanzo, babu wa nyumba hiyo aliuliza ni Dula yupi, kwani yeye anamjua Dula muuza mkaa tu.) Dula hapimi njia, hapimi presha, hatoi dawa wala hazalishi. Anakaa na mama tokea uchungu mpaka mtoto awekwe kifuani: anamkanda kiuno, anamtembeza, anampa maji, anamwongoza pumzi, anamweleza kinachoendelea pale anapokuwa hana nguvu ya kuuliza. Hapa kwetu kazi hiyo si ngeni hata kidogo. Ilifanywa na mama mzazi, shangazi, somo na mkunga wa jadi, wote chumba kimoja, mwengine akichemsha maji na mwengine akisoma Yaasin. Kilicho kigeni ni kuifanya mtu asiyekuwa wa nyumba ile, tena mwenye fomu mkobani.

Fomu ndizo kiini cha kisa hiki. Taasisi za kimataifa zinazotoa vyeti vya udula zina taratibu zinazofanana. DONA International ya Marekani, kwa mfano, iliyoanzishwa 1992, humtaka mwanafunzi ahudhurie mafunzo kisha asindikize uzazi usiopungua 3. Taasisi anayosoma mwalimu wetu kwa njia ya intaneti si hiyo, lakini nayo inataka 3, na kila mmoja uwe na karatasi tatu: tathmini ya mama, tathmini ya mkunga au daktari aliyezalisha, na maelezo ya mwanafunzi mwenyewe. Juu ya hayo kuna sharti moja. Mwanafunzi awe ndani, kando ya mama, tokea uchungu unapokolea mpaka mtoto atoke. Ukikesha nje ya mlango, uzazi ule hauhesabiwi.

Nyumba ya Jang'ombe

Mteja wa mwanzo alikuwa na mimba ya kwanza, umri wake miaka 22. Ameolewa Jang'ombe, kwao ni Wete, Pemba. Kwa desturi zetu mimba ya kwanza mtu huenda kujifungulia kwa mamake, akakandwa, akafungwa mkaja, akatimiza arobaini yake ndipo arudi kwa mume. Huyu hakwenda. Babake alikuwa mgonjwa wa kulala, mamake ndiye muuguzi wake, na mgonjwa na mzazi katika nyumba moja ni mzigo wa kumshinda mtu. Basi akabaki kwa mavyaa wake, yaani mama wa mumewe, mwanamke aliyezaa watoto saba, wengi wao nyumbani mbele ya mkunga wa jadi, na ambaye asubuhi zote yupo sokoni Mwanakwerekwe akiuza viungo.

Mwanafunzi alimtembelea mjamzito mara kadhaa. Alimfundisha namna ya kuegemea ukuta uchungu ukija, akamwonesha jinsi kanga inavyoweza kukunjwa na kuzungushwa nyonga ili mtu mwengine aivute taratibu, wakapanga na mkoba wa hospitali. Ziara zote zilikuwa asubuhi, kabla ya zamu yake ya skuli, maana yeye husomesha mchana. Kwa maneno mengine, kila alipokwenda, mavyaa hayupo. Walikuja kuonana ana kwa ana usiku wa uchungu.

Siku moja kabla ya hapo mavyaa alimuuliza mkwewe: "Huyu mtoto anataka nini kwetu?"

"Hataki kitu, mama. Anafanya bure."

"Hakuna anayemkeshea asiyemjua bure."

Wasomi wa mambo ya uzazi wangeliita jibu hilo ni dhana mbaya. Mimi naona mavyaa alisema kweli tupu. Mkunga wa jadi hakuwa akitaja bei, lakini hakuwa akiondoka mikono mitupu: doti ya kanga, sukari, mchele, na siku ya arobaini sahani yake haichelewi. Kila mtu alijua nini kimetolewa na nini kimepokelewa. Mwanafunzi naye alikuwa na anachokichukua. Alikuwa akichukua uzazi mmoja kati ya mitatu yake, saini mbili, na habari za mwili wa mwanamke zitakazoandikwa na kupelekwa nje ya nchi. Hakuficha kwamba yupo mafunzoni. Lakini hakuna mtu katika nyumba ile aliyeambiwa kwamba malipo yake ni ile nafasi ya kuingia ndani, na kwamba akiikosa nafasi hiyo usiku wake mzima umepotea.

Mtu mmoja tu

Uchungu ulianza baada ya alasiri. Mwanafunzi alifika na bajaji baada ya Isha, na saa tano usiku wakenda hospitali, yeye, mjamzito na mavyaa. Mume alikuwa kazini Nungwi. Njia, yaani mlango wa kizazi, ilikuwa imefunguka sentimita 4. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018, uchungu wa kweli huanza kuhesabiwa kwenye 5, basi muuguzi akamwambia atembee na anywe maji. Mpaka hapo mambo yalikwenda vizuri.

Mlangoni wakaambiwa anaingia mtu mmoja. Sharti hilo wengine hulilaumu, mimi siwezi. Wodi ile ni chumba kimoja chenye vitanda vinavyotenganishwa na mapazia. Kila mzazi akija na watu wawili, wauguzi hawana pa kupita na wanawake wengine hawana stara. Mume akapigiwa simu. Akasema aingie aliyesomea. Mavyaa hakubisha, akakaa kwenye benchi la nje na kikapu chake.

Daftari la mwanafunzi limeandikwa kwa uaminifu, na hilo namsifu. Nanukuu kama lilivyo:

"Saa 6:40, anakubali kukandwa kiuno, anasema afadhali. Saa 7:15, ameniuliza mama yuko wapi, bado yupo nje? Nimemwambia yupo, anakuombea dua. Saa 8:30, ameuliza tena mama hajaondoka? Nimemwambia hajaondoka, tuvute pumzi."

Ukiyasoma haraka utaona dula anamtuliza mteja wake. Yasome tena. Mwanamke mwenye uchungu wa sentimita 6 au 7 hana haja ya kujua watu wamekaa wapi. Aliyeuliza mara mbili alikuwa akiomba. Na aliyejibu alikuwa na sababu ya kutolisikia ombi, kwa sababu mavyaa akiingia yeye anatoka, na akitoka, fomu inabaki tupu.

Nilimuuliza mwanafunzi kama aliliwaza hilo wakati ule. Alinyamaza kitambo, kisha akasema aliwaza kwamba akitoka yule mama atakosa wa kumkanda vizuri. Naamini aliwaza hivyo. Naamini pia kwamba mtu mwenye haja hukosa namna ya kuipima haja yake mwenyewe, khasa saa nane usiku, peke yake, hana mwalimu wa kumuuliza.

Kukaribia saa tisa mavyaa alibisha hodi na chupa ndogo ya maji ya manjano. Ilikuwa kombe: aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji ya waridi. Mwanafunzi alitoka mpaka mlangoni. Kitabu chake cha mafunzo kinamkataza kumpa mama kitu chochote cha kunywa bila ya idhini, na katika kozi walionywa juu ya miti ya kuongeza uchungu. Akasema, "Bibi, siruhusiwi kumpa dawa za kienyeji."

Mavyaa akamtazama. "Huu si mti, mwanangu. Haya ni maneno ya Mungu."

Muuguzi aliyekuwa akipita akaichukua ile chupa, akainusa, akasema anywe mafunda mawili, hakuna tabu. Mjamzito akanywa. Mavyaa akarudi kwenye benchi.

Onyo la miti si la upuuzi. Miti ya kuharakisha uchungu ipo, inatumika, na inaweza kulifanya tumbo likaze mfululizo hadi mtoto akakosa pumzi au mfuko wa uzazi ukapasuka. Mkunga yeyote wa visiwani anaijua khofu hiyo. Lakini mzaliwa wa Fuoni hahitaji kozi ya intaneti imfundishe kombe ni nini. Alilijua. Alichokosa ni ujasiri wa kuacha kitabu kilichoandikiwa watu wengine na kutumia akili aliyokulia nayo. Kumuuliza muuguzi kungelichukua nusu dakika, na hilo ndilo hasa jambo ambalo kitabu chake kinamtaka alifanye.

Mtoto, wa kiume, alizaliwa kabla ya adhana ya Alfajiri, salama, mama hakuchanika. Mavyaa alimwona mjukuu wake baada ya jua kutoka.

Utafiti unasema upande gani?

Mwanafunzi aliniletea hoja ya kitaalamu, na si hoja dhaifu. Mapitio ya 2012 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za afya, yaliyokusanya majaribio 22 na wanawake 15,288, yalionesha kwamba wanaosindikizwa mfululizo hujifungua kwa njia ya kawaida zaidi, uchungu wao huwa mfupi kidogo, na wanaoridhika huwa wengi. Tena yalisema faida kubwa huonekana pale msindikizaji anapokuwa si mfanyakazi wa hospitali wala si jamaa wa mama. "Umeona?" akaniambia. "Si jamaa."

Nimeona. Lakini sentensi ile ile inaendelea: mtu huyo awe ana uzoefu wa kazi hiyo na mafunzo angalau ya kiasi. Uzoefu ndio uliokuwa unatafutwa usiku ule, haukuwepo bado. Na mapitio yale yale yanasema kwamba mama aliyesindikizwa na jamaa au rafiki aliyemchagua mwenyewe huridhika zaidi kuliko asiyekuwa na mtu. Mwongozo wa 2018 nao unazungumzia msindikizaji anayechaguliwa na mama. Nani alimchagua dula usiku ule? Mume, kwa simu, kutoka Nungwi. Mwenye uchungu hakuulizwa.

Kwa upande wake, nitaongeza jambo ambalo mwenyewe hakulitaja. Utafiti maarufu wa Guatemala wa 1980, uliofanywa na Sosa, Kennell, Klaus na wenzao, ulitumia wanawake wa kawaida wasio na mafunzo yoyote, na wasiojulikana na wale wazazi. Walichokifanya ni kukaa, kushika, kuzungumza. Matokeo yalikuwa mazuri mno. Kwa hivyo sitasema kwamba mgeni hafai chumbani. Wale wanawake wa Guatemala, hata hivyo, walikwenda kwa wazazi ambao wangelikuwa peke yao. Hakukuwa na mavyaa aliyeachwa kwenye benchi.

Baadaye nilizungumza na muuguzi wa zamu ile. Akaniambia sharti ni mtu mmoja kwa wakati mmoja, si mtu mmoja usiku kucha. Wangelipokezana, saa huyu saa yule, asingelikataa. Hakuna aliyemuuliza.

Saini

Siku ya tatu mwanafunzi alirudi Jang'ombe na fomu ya tathmini. Ilikuwa ya Kiingereza. Mzazi alikuwa ametoka kukandwa kwa maji ya moto, tumbo limefungwa mkaja, amelala na uji wa pilipili manga kando yake, maziwa ndiyo kwanza yanajaa na yanauma. Mwanafunzi akasoma swali, akalitafsiri, akangoja jibu, akaandika mwenyewe. Tano kwa tano, ukurasa mzima.

Fomu hiyo haina thamani yoyote. Mswahili gani atamtazama usoni mtu aliyemkeshea, tena bure, amwambie alikosea? Nilipomuuliza mzazi baada ya arobaini, faragha, alinisimulia mengi mazuri: mikono ya mwanafunzi, maneno yake, ile kanga ya nyongani iliyompa nafuu kuliko chochote. Kisha akasema, "Mwishoni nilimtaka mama aingie. Sikuweza kusema, maana ningelimvunja moyo, na hajanitoza kitu." Ubure ndio uliomfunga mdomo. Angelikuwa amelipa, angelisema.

Fomu ya pili ilikwama hospitali. Muuguzi alikataa kuitia saini, na kwenye daftari mwanafunzi ameandika kwamba wauguzi wanamwonea kijicho. Sikubaliani naye. Mkunga ana leseni yake, ameapishwa, na saini yake ni mali ya kazi yake. Huwezi kumkabidhi karatasi ya taasisi asiyoijua, ya lugha nyengine, yenye maswali kama hospitali ilimheshimu mama, ukategemea aitie saini mwisho wa zamu ya usiku. Njia ilikuwepo tokea mwanzo: barua kwa daktari dhamana na msimamizi wa wodi, wiki kadhaa kabla, ikieleza anafanya nini, hafanyi nini, na fomu inauliza nini. Udula si kada inayotambuliwa hapa, na cheti cha nje si leseni. Asiyekuwa na kada huingia wodini kwa hisani tu, na hisani huombwa mapema.

Ukaja arobaini. Mwanafunzi hakualikwa. Aliletewa doti ya kanga na shilingi elfu ishirini, na ujumbe kwamba ni za bajaji. (Kanga ile haikuwa na fumbo lolote, mavyaa si mtu wa mafumbo.) Aliumia, akaona wema wake umelipwa kama deni la dukani. Mimi nilimwambia hivyo ndivyo ilivyokuwa, na ndivyo ilivyokusudiwa. Mavyaa amefunga hesabu. Hataki kubaki na deni kwa mtu asiyejua atakuja kudai nini.

Jang'ombe na Paje

Nilimuuliza akipata cheti atafanya kazi wapi. Alijibu bila kuzunguka: Paje na Jambiani, kwa wageni wanaoishi huko, wanaolipa kwa dola.

Sioni ubaya kijana kutaka riziki. Mshahara wa skuli ya maandalizi naujua, na kazi hii ya bure imemla nauli za usiku na siku za ruhusa. Lakini ipo hoja hapa ambayo lazima isemwe: atajifunzia kwa mkwe wa muuza viungo, halafu auze kwa mwenye dola. Atasema hata sisi wauguzi tulijifunzia kwenye miili ya wasio na uwezo. Kweli. Ila nyuma ya mwanafunzi muuguzi yupo mwalimu, akikosea hushikwa mkono pale pale, na akimaliza hurudi kwenye wodi zile zile. Dula mwanafunzi wa intaneti hana mtu nyuma yake usiku ule, na hakuna kinachomrudisha Jang'ombe.

Nilimshauri aache kuandika "bure". Aandike kwamba yupo mafunzoni, ataje anachokichukua, na nauli alipiwe na familia, ili nayo iwe na haki ya kumkemea. Ziara ya mwanzo aende kwa mkubwa wa nyumba, si kwa mjamzito peke yake, hata ikibidi asubiri magharibi soko lifungwe. Mjamzito aulizwe mapema, bila ya mume wala mavyaa, anamtaka nani ndani, na aulizwe tena usiku ule ule. Tathmini achukue mtu mwengine, kwa Kiswahili, baada ya arobaini. Na amtafute mkunga mmoja wa kumpigia simu saa nane usiku. Kwa hilo la mwisho nimejitolea mimi, na akiniita niende, nauli yangu atalipa.

Ameshafanya kazi ya pili kwa mtindo huo, Kwahani. Mjamzito alisema anamtaka shangazi yake, na dula awe wa kupokezana. Shangazi aliingia, uchungu ukaenda mbio, na mtoto alizaliwa kabla ya zamu ya kupokezana kufika. Mwanafunzi alikaa nje na bibi wa mtoto, akaenda kutafuta maji ya moto, akawapigia simu watu wa nyumbani. Familia imemsifu kila mahali. Alipoiandikia taasisi, ikamjibu kwamba uzazi huo hauhesabiwi kwani hakuwemo ndani.

Kanuni hiyo iliandikwa kwa hospitali ambazo kila mzazi ana chumba chake, na dula akiingia hamtoi mtu. Kwetu kiti ni kimoja. Ukimwambia mwanafunzi wa Unguja lazima awe ndani ndipo upate kumhesabia, umempa sababu ya kugombania kiti na mama wa watu. Tunaandika barua ya pili, yeye kwa Kiingereza chake na mimi kwa muhuri wangu, tukiomba saa za maandalizi na za kupokezana zihesabiwe, na tumeambatanisha mchoro wa wodi.